Kwa Nini Nilikataa Kupigwa Picha

Ruangwa, Alhamisi baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Najua umeninunia, na una haki ya kununa. Mtu hapigiwi kelele na baba yake mbele ya majirani siku mbili kabla ya kuondoka nyumbani kwenda kuanza kazi. Ulinijia na simu yako ukacheka ukasema, "Baba, kaa hapo kwenye kiti, tabasamu kidogo, nikupige picha nikawaoneshe kazini." Mimi nikaikwapua simu mkononi mwako, nikaitupa mkekani, nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Tangu siku hiyo mama yako ananiwekea chakula na kuondoka.

Sasa umekwenda Mbekenyera kumuaga bibi yako, hutarudi mpaka jioni, na mimi nimepata nafasi. Ya sabuni, ya nauli, ya kutofungua begi ndani ya basi, hayo mama yako amekwisha kukuambia mara tatu na kesho stendi atakuambia ya nne. Mimi nina jambo moja tu. Ni la aibu, ndiyo maana nimelikalia miaka yote hii.

Kile kipeperushi cha kampuni yako nimekisoma. Ulikiacha mezani, nadhani ulitaka nikisome. Nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Mle ndani kuna wazee kumi na mmoja, na wote wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyekaa tu. Hakuna anayetafuta fimbo yake. Wanacheka wakinywa chai, wanacheka wakitazama maua, na kuna bwana mmoja anacheka huku nesi kamshika mkono, sijui kilichomfurahisha ni nini. Chini yao pameandikwa: "Wape wazazi wako mapumziko wanayostahili." Wape! Yaani mzee mwenyewe hasemeshwi. Anayesemeshwa ni mtoto wake.

Nilikasirika kwa sababu maneno hayo nayajua. Nimewahi kuyasema mimi, karibu hivyohivyo.

Unaikumbuka ile pikapu nyeupe yenye spika juu? Ulikuwa darasa la tano, ukipenda kukaa mbele na kushika kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Kazi yangu ilikuwa matangazo. Chanjo, mikutano ya korosho, mechi, misiba, mtoto aliyepotea, mbuzi aliyepotea. Watu wa Ruangwa na Nachingwea walinijua kwa sauti kabla ya sura. Nikiingia dukani nikasema "naomba chumvi", watu waligeuka.

Basi alikuwepo bwana mmoja, mzaliwa wa huku, aliyeishi Dar es Salaam maisha yake yote ya kazi. Jina lake silitaji, ni marehemu na watoto wake hawana kosa. Mama yake alifia kijijini peke yake, akakutwa siku ya pili. Yule bwana hakupona jambo hilo. Alipostaafu alirudi, akajenga nje kidogo ya mji wa Nachingwea nyumba kumi na mbili za kuishi wazee, na ukumbi, na jiko kubwa, na chumba cha nesi. Akapaita Makazi. Sitaki nikudanganye kwamba palikuwa pabaya. Palikuwa na vigae, maji ya bomba, televisheni, vyandarua vipya. Kwa macho yangu mimi palikuwa peponi.

Akaniita. Akasema, "Athumani, nyumba ninazo. Wazee hawaji. Sauti yako wanaiamini. Niletee wazee."

Nikazunguka mwezi mzima. Nilisimamisha gari sokoni na misikitini baada ya Ijumaa nikaeleza vigae na maji ya bomba. Wazee walisikiliza kwa adabu wakaenda zao. Mbekenyera, mzee mmoja alibaki, akaniuliza, "Huko nitalima wapi?"

"Hutalima tena, mzee wangu. Utapumzika."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba wake mwenyewe. "Nipumzike halafu nifanye nini?" akasema. Mimi nikamwona mshamba. Nikapanda gari nikaondoka. Hapo ndipo nilipopewa jibu la kazi yote ile, bure, na mtu mwenye kulijua, na mimi nikaona amenichelewesha.

Kisha nikagundua jambo nililojivunia sana. Nikaachana na wazee. Nikaanza kutafuta namba za watoto wao waliokuwa Dar, Mtwara, Lindi, Tunduru, nikawapigia mmoja mmoja. Sikuwaeleza habari za vigae. Niliwauliza swali moja: "Mama yuko peke yake kule. Wewe usiku unalala kweli?" Kisha nikanyamaza. Niliwahi kumsikia mwanaume mzima akilia kwenye simu kwa swali lile. Ndani ya miezi miwili nyumba saba zilikuwa na watu. Yule bwana akanipa shati lenye kola na cheo cha afisa masoko. Mama yako alilipiga pasi lile shati kila siku.

Wewe kwenye hiyo kazi yako ya masoko utafundishwa hilo hilo, Zuhura, kwa maneno mazuri zaidi na kompyuta. Mimi sikusoma, lakini nililigundua mwenyewe barabarani. Nilikuwa nawauzia watoto usingizi wao.

Sasa nikueleze habari za Bibi Somoe.

Alikuwa akiishi Kilimarondo, peke yake, kwenye nyumba ya miti na nyasi aliyokaa tangu aolewe. Mumewe alishafariki. Mtoto wake mmoja aliyebaki, Rashidi, alikuwa dereva wa malori Dar es Salaam. Shamba la yule bibi lilikuwa ukingoni kabisa mwa pori, na tembo walikuwa wakiingia kwenye mahindi yake, naye anatoka na debe kuukuu analipiga mpaka waondoke. Peke yake, na goti moja limevimba kama papai. Rashidi alikuwa amesikia habari za debe. Nilipompigia na swali langu la usingizi hakunichelewesha hata dakika. "Nenda kamchukue," akasema.

Nilimkuta uani anapepeta ufuta. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha sokoni, cha kuuza na kununua. Na mimi unanijua, baba yangu Mmakonde, nimekulia barabarani, Kimwera changu ni cha salamu tu. Nikapiga simu, nikaweka sauti kubwa, nikaishika katikati yetu. Rashidi akasema kwa haraka, maana alikuwa njiani: "Mama, huyo atakupeleka mahali watakuangalia vizuri. Na goti lako watalitunza."

"Goti watatunza?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Sawa."

Simu ikakata. Nikamuuliza, "Bibi, umekubali?" Akajibu, "Sawa." Nikatoa karatasi, akaweka dole gumba. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuchemsha chai.

Nikamwambia abebe vitu vyake. Akaingia ndani akatoka na kanga moja, kikombe, na mkeka. Akamwita jirani yake, akamwonesha kuku, akamwonesha mafiga, wakaongea kwa Kimwera kidogo, yule jirani akaitikia. Mimi nilikuwa natazama saa. Nimeukumbuka ule mzigo mara nyingi, mwanangu. Mtu anayehama nyumba aliyokaa miaka yote hiyo habebi kanga moja. Nilikiona kile kifurushi kwa macho yangu, nikakipakia mwenyewe, na sikujiuliza kitu. Nilifurahi tu kwamba mzigo ni mwepesi.

Kule Makazi wakampa nyumba namba nane. Kitanda kilikuwa kirefu, cha mbao, kizuri. Kwa goti lile hakuweza kukipanda, akatandika mkeka wake chini. Wahudumu wakaandika kwamba anakataa kitanda. Choo cha kukaa hakukijua, akawa anatoka nje. Wakaandika kwamba anajisahau. Kila asubuhi alipoletewa uji aliuliza neno moja kwa Kiswahili: "Nimepona?" Wahudumu walikuwa mabinti wadogo, wa umri wako wa sasa. Walicheka. Wakaniambia, "Bibi wa namba nane kila siku anauliza kama amepona." Na mimi nilicheka, Zuhura. Nilisimama pale na shati langu lenye kola nikacheka pamoja nao.

Siku moja nilikwenda na mpiga picha, tulikuwa tunataka bango. Wazee wote walikaa kama wanaopigwa picha za kitambulisho. Nikajaribu kumsalimia Bibi Somoe kwa Kimwera, nikakosea, sijui nilisema nini, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Mpiga picha akawahi. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Nikaandika chini yake kwa mkono wangu: "Hapa nimepata amani." Hakuna mtu aliyemsikia akisema hivyo. Hata neno amani sijui kama alikuwa akilitumia.

Bango moja likawekwa stendi ya Nachingwea, jingine ukutani sokoni hapa Ruangwa. Wewe mwenyewe ulisimama mbele yake. Ulinishika mkono ukauliza, "Baba, bibi huyu anacheka nini?" Nikakujibu, "Amefurahi." Ulikuwa mtoto, uliuliza swali ambalo mimi sikuliuliza, nikakudanganya ukaniamini.

Mwezi wa tano tangu afike, mvua za kwanza zikanyesha. Alfajiri moja mhudumu alipeleka uji namba nane akakuta mkeka umekunjwa na mtu hayupo. Tukatafuta mji mzima. Alasiri nikapigiwa simu kwamba kuna bibi kizee amepatikana Chiola, kibarazani kwa watu. Nikachukua bodaboda.

Nilimkuta amekaa, miguu imevimba, matope mpaka magotini, anabangua karanga za wenyewe. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene aliyeitwa Mama Hasani, aliniambia kwamba bibi alikataa kula mpaka apewe kazi ya kufanya. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema kwa sauti yangu nzuri ya matangazo, "Bibi, twende nyumbani."

Akanyanyuka haraka, akafunga kanga yake. Bodaboda alipogeuza pikipiki kuelekea mjini, bibi akakaa tena chini. Akaanza kuongea na Mama Hasani kwa Kimwera. Aliongea muda mrefu bila kupandisha sauti. Mama Hasani alikuwa akiitikia, kisha akaacha kuitikia, kisha akageuka kunitazama. Sijawahi kutazamwa vile, si kabla wala baada.

"Anauliza," akasema, "hospitali yenu, mtu akipona nani anamruhusu kutoka?"

"Si hospitali, mama. Ni makazi. Pale ni kwake sasa."

Akamwambia. Bibi Somoe akabangua karanga moja, akauliza kitu kifupi.

"Anasema, kama si hospitali, yeye alikosa nini?"

Mimi, Athumani, ambaye sauti yangu inajulikana wilaya mbili, nikaanza kuokota maganda ya karanga. Mama Hasani aliendelea mwenyewe, na sasa hakuwa anatafsiri, alikuwa ananisuta. "Goti bado linamuuma. Lakini mvua imenyesha, na hajapanda. Anasema amewauliza kila siku kama ruhusa imetoka, mnamcheka. Nyie ni watu wa aina gani?"

Nilimpigia Rashidi palepale. Akanifokea, akasema nilikabidhiwa mama yake nikamwacha apotee porini. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza, "Rashidi, wewe ulimwambia mama kwamba anahama?"

Nikasikia injini ya lori lake tu.

"Mimi nilidhani umemwambia wewe," akasema.

"Na mimi nilidhani umemwambia wewe."

Hiyo ndiyo aibu yangu, mwanangu. Tulikuwa watu wawili wenye akili zetu, na kila mmoja alimpenda yule bibi kwa namna yake. Tukamhamisha na kumtoa kwenye maisha yake, na hakuna aliyemwambia. Neno "sawa" lilitutosha.

Kesho yake nilimrudisha Kilimarondo kwa pikapu. Nilidhani nikimfikisha yatakwisha. Nyumba ya nyasi isiyowashwa moto ndani haikai, unajua. Moshi ndio unaofukuza mchwa. Yule jirani alikuwa ameambiwa ni wiki mbili, akawasha wiki mbili, kisha akadhani bibi amefia huko, akaacha. Upande mmoja wa paa ulikuwa chini. Kuku waliobaki ni wawili. Bibi Somoe aliizunguka nyumba yake mara moja, polepole, akishika ukuta. Hakulia. Aliingia kwa jirani, akatoka na majembe mawili, akanipa moja.

Nilikaa Kilimarondo siku tano. Nililima, nikapanda, nikakata miti na vijana wa pale tukamsimamishia chumba kimoja. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Siku ya nne, tukiwa shambani, nilimwomba jirani yake anitafsirie, nikamuuliza lile swali ambalo nilipaswa kumuuliza kabla ya kutoa karatasi: "Bibi, wewe unahitaji nini?"

Akasema anahitaji mtu wa kumsaidia kufukuza tembo, kwa sababu debe sasa ni zito. Akasema kama kuna dawa ya goti ni sawa, kama haipo atazoea. Halafu akasema jambo ambalo jirani alilitafsiri kwa kusitasita, kama siri: kwamba msimu wa unyago ukifika, mabinti waletwe kwake kama zamani, asipitwe kwa sababu ya mguu, akili yake ni nzima.

Ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa nyakanga. Mwalimu mkuu wa unyago, mabinti wa vijiji vyote vile walikuwa wamepita mikononi mwake, na mama zao. Kule Makazi binti wa miaka ishirini alikuwa akimfunga kitambaa kifuani na kumwambia, "Bibi, fungua mdomo." Katika yote aliyoyataja, nyumba hakuitaja kabisa.

Nilirudi nikamweleza yule bwana. Alisikiliza, aliumia, nilimwona. Vitanda vikakatwa miguu, hilo alilifanya. Nilipomwambia wazee wanataka mafiga uani na kijishamba, na kabla ya mtu kuletwa aulizwe kwa lugha yake, alichoka. "Athumani, siwezi kujenga kijiji," akasema. "Kila mtu na mazoea yake, nitaweza?" Pengine hakuweza. Sijui.

Ninachokijua ni nilichofanya mimi. Hapa ungependa kusikia kwamba niliacha kazi siku ile. Sikuacha. Niliendelea na lile shati. Nilijiambia nabadilisha mambo kutokea ndani. Bango la stendi nililitoa. La hapa Ruangwa nilisema nitalitoa wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema hivyohivyo, kwa sababu bado lilikuwa linaleta simu.

Msimu wa pili baada ya pale, Rashidi akanipigia mchana mmoja. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama ametutoka. Tunazika kesho. Naomba utangaze wewe. Sauti yako wanaijua."

Nikatangaza. Nilianzia Nachingwea mjini, kila mtaa. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Bibi Somoe wa Kilimarondo, nyakanga." Nikiwa bado katika sentensi ya kwanza, wanawake walikuwa wanatoka. Muuza vitumbua aliacha mafuta motoni. Mwalimu alitoka darasani na chaki mkononi. Mama mmoja wa heshima zake, mke wa mkubwa fulani, alikaa chini barabarani, mchangani, akashika kichwa. Asubuhi yake malori mawili yalijaa wanawake kwenda Kilimarondo, na wengine walipanda bodaboda wawili wawili. Mimi nilikuwa nimeuza nyumba kwa picha ya yule mtu, na sikujua alikuwa nani mpaka nilipotangaza kifo chake.

Jioni ya siku ile ya kutangaza nilifika Ruangwa kumalizia tangazo. Nikapita sokoni. Alikuwa pale ukutani, anacheka. Hapa nimepata amani. Nilizima kipaza sauti katikati ya neno, nikashuka, nikaanza kulibandua kwa kucha. Lilikuwa limegandishwa vizuri sana. Watu walinitazama. Vipande vingine havikutoka.

Basi niliacha baada ya hapo, na nilichelewa. Sikuwahi kumwomba radhi kwa lugha yake. Makazi yalidumu kidogo, yule bwana akafariki, na leo nyumba zile wamepanga walimu.

Sikuandikii haya ili uache kazi. Ningekuwa muongo nikikwambia hakuna mzee anayetaka mahali kama pale. Namba tatu aliishi Mzee Issa, karani mstaafu, hakuwa na mtoto wala mke, na alikuja mwenyewe kwa miguu yake akauliza nafasi. Alipata wenzake wa kucheza bao na mtu wa kumsomea gazeti, akanenepa. Yeye hakuna aliyempigia debe. Alijua anachokitaka, tukawa nacho.

Kwa hiyo nenda. Ila kabla hujaandika neno lolote juu ya wazee, nenda kakae na mmoja wao kuanzia asubuhi mpaka jioni, bila karatasi. Tazama anaamka anafanya nini kabla wewe hujatoka usingizini, tazama anapopanda kitanda, sikiliza analalamika nini, na nani anamwamkia. Mtoto wake akikupigia, zungumza naye vizuri, kisha mwombe aongee na mama mwenyewe. Mabosi wako watasema unachelewesha. Wataudhika. Mimi pia ningeudhika.

Na bado nina hasira, nikiri. Umri wangu sasa unakaribia ule wa watu wa kwenye kipeperushi chako, na mambo yameanza. Mwezi huu mzima umekuwa ukimwambia mama yako, mimi nimekaa hapohapo, "Baba apunguziwe chumvi," "Baba asipande tena pikipiki." Ufunguo wa pikipiki umeuficha wewe. Nimeutafuta siku nne nikijifanya natafuta miwani. Najua umefanya kwa mapenzi. Rashidi naye alifanya kwa mapenzi.

Lakini na mimi nimekuficha kitu, na ni haki nikiseme. Sikio langu la kushoto limekufa. La kulia limebaki nusu. Ni ile spika, miaka yote ile juu ya kichwa changu. Imekuwa hivi tangu mwaka jana na hata mama yako hajui vizuri, anadhani nimekuwa mkaidi. Ulipokuwa chuoni ukinipigia simu, mimi nilikuwa nasikia kama mtu anayeongea ndani ya pipa, najibu "haya, mwanangu, haya," nakwambia nakupa mama. Uliponipigia kunieleza kazi hii, nilisikia "kazi" na nikasikia "Dar es Salaam", nikamshukuru Mungu. Kwamba ni kazi ya makazi ya wazee nimekuja kujua wiki hii, kwa kusoma kipeperushi. Ulidhani baba yako alibariki. Nilibariki nisichokisikia.

Sijakwambia kwa sababu naona aibu. Mtu aliyekuwa sauti ya wilaya mbili aanze kuuliza "umesemaje?" kama mtoto. Wazee utakaowakuta huko watakuficha hivyohivyo, wakitabasamu.

Ndiyo maana nimeandika. Ukifika Dar, mpigie mama yako. Mimi usinipigie. Niandikie ujumbe, mrefu, wenye maswali, nami nitakujibu yote.

Na jioni hii ukirudi kutoka Mbekenyera, ukishasoma hapa, uje na ufunguo wa pikipiki. Ama unirudishie, ama unieleze mimi mwenyewe, si mama yako, kwa nini nisiendeshe. Pengine utanishinda. Nitakuwa uani. Vuta kigoda, kaa upande wangu wa kulia, na useme polepole.

Baba yako,
Athumani